Ruzuku, mkataba au mchango: namna ya kuchagua mfuko wa programu huria ukiwa Nairobi

Kupakua programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha msimbo wake, ni bure, lakini kuitunza si bure, na gharama ya kuitunza hubebwa na mtu fulani hata pale ambapo hapajatolewa shilingi. Nairobi inalijua jambo hili vizuri. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ilianzishwa na Wakenya Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na makao yake yakawa Nairobi. Leo mji huu una vijana wengi wanaotunza maktaba ndogo za msimbo, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa ndani ya programu nyingine, zinazounganisha maduka, vyama vya akiba na zahanati na mfumo wa M-Pesa, na wengi wao hawalipwi chochote kwa kazi hiyo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha watu watatu, wanne au watano wa namna hiyo, ambao mradi wao tayari una watumiaji, maombi ya marekebisho yamezidi muda walio nao, na sasa wanataka kujua watafute fedha wapi na, zikishapatikana, wampe nani.

Fedha zinunue kazi gani

Njia za kupata fedha hutofautiana kwa mengi, lakini katika kuchagua mimi hutazama kwanza tofauti moja: kila njia hununua aina fulani ya kazi na kuiacha nyingine bila mlipaji. Kuna kazi mpya, yenye mwanzo na mwisho, kama vile kuongeza lugha ya pili au kuandika upya sehemu ya malipo. Kuna utunzaji, ambao hauishi: kusoma ripoti za hitilafu, kukagua msimbo ulioletwa na wengine, kuziba mianya ya usalama, kutoa matoleo, kumjibu mtu aliyekwama. Kuna pia ulezi wa wachangiaji wapya. Wafadhili wengi huipenda kazi ya kwanza kwa sababu inaonekana na ina tarehe ya kumalizika, ilhali miradi mingi hufa kwa kuikosa ya pili.

Hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, watu walishtuka kusikia kwamba OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeishughulikia kwa muda wake wote. Miaka kumi baadaye, Machi 2024, iligunduliwa kwamba mtunzaji wa xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila seva ya Linux, alikuwa amechoka kwa kufanya kazi ya kujitolea peke yake, akamwachia madaraka mtu aliyejiita Jia Tan, na mtu huyo akapenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo mapya. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu aliona uingiaji kwenye mashine yake ukichelewa kidogo kuliko kawaida. Katika visa vyote viwili hakuna aliyekuwa akilalamika kwamba programu imekosa vipengele vipya. Kilichokosekana ni mtu anayelipwa ili akague na kutunza.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu yoyote, kikundi na kiandike kazi zake za miezi mitatu iliyopita na kuzigawa katika mafungu hayo matatu. Nina hakika kwamba katika miradi mingi fungu la utunzaji litakuwa kubwa kuliko wenyewe walivyodhani, na ukubwa huo ndio utakaoamua uchaguzi unaofuata.

Ruzuku na mkataba wa huduma

Hizi ndizo njia mbili zinazoweza kuleta fedha za kumlipa mtu kwa mwaka mzima, na kwa sababu hiyo zinastahili kupimwa kwa makini kuliko nyingine.

Ruzuku huja kwa fungu kubwa na kwa masharti. NLnet Foundation ya Uholanzi, kupitia mifuko ya NGI Zero, hutoa kati ya euro 5,000 na euro 50,000, na hulipa kila hatua iliyokubaliwa inapokamilika. Mtu binafsi anaweza kuomba, jambo linalowafaa watu ambao bado hawajasajili kampuni, ila pendekezo lazima lionyeshe uhusiano wake na Ulaya. UNICEF Venture Fund hutoa hadi dola 100,000 bila kudai hisa, lakini hutaka kampuni iliyosajiliwa katika nchi ambako UNICEF ina shughuli zake, Kenya ikiwamo, pamoja na bidhaa ya majaribio inayofanya kazi tayari na ahadi kwamba msimbo utakuwa huria. Sovereign Tech Fund, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2022 kwa fedha za serikali, ni ya namna yake kwa kuwa hulipia hasa utunzaji wa programu za msingi zinazotegemewa na nyingine nyingi. Kwa bahati mbaya, maktaba inayotumiwa na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki peke yao haitapita hapo kwa urahisi.

Uzuri wa ruzuku ni kwamba inampa mtu nafasi ya kuacha kazi ya kando na kukaa na tatizo moja mpaka liishe. Ushahidi ilipopata dola milioni 1.4 kutoka Omidyar Network mwaka 2009, iliweza kuwa shirika lenye wafanyakazi badala ya kundi la marafiki wanaojitolea. Ubaya wake ni wa aina tatu. Kwanza, kuomba ruzuku ni kazi yenyewe: mtu bora wa msimbo katika kikundi huacha msimbo kwa wiki kadhaa ili aandike pendekezo, na akifanikiwa ataacha tena ili aandike taarifa za maendeleo. Pili, mradi huanza kuelekea anakotazama mfadhili, na mtumiaji wa mtaa wa Kayole aliyetaka risiti zichapwe vizuri hungoja mpaka kipengele kilichoahidiwa kwenye pendekezo kimalizike. Tatu, na hili ndilo zito, ruzuku hukatika kwa siku moja na kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubora wa kazi.

Sekta ya afya nchini imelionja hilo la tatu. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, umekua kwa kutegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi. OpenMRS yenyewe ni programu huria iliyoanza mwaka 2004, na chimbuko lake linahusiana moja kwa moja na hospitali za Eldoret, ambako madaktari wa mpango wa AMPATH walihitaji rekodi za wagonjwa wa Ukimwi ambazo haziwezi kutunzwa kwa karatasi tena. Serikali ya Marekani ilipoagiza tarehe 20 Januari 2025 kwamba misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90, kila mradi uliosimama juu ya fedha hizo ulitikisika. Leseni huria iliulinda msimbo, maana hakuna anayeweza kuufuta au kuuhodhi peke yake. Haikuweza kulinda mshahara wa mtu anayeuelewa msimbo huo.

Mkataba wa huduma hufanya kazi kinyume chake. Programu hubaki bure, na mteja hulipia usakinishaji, mafunzo, marekebisho na uhakika kwamba mfumo ukikwama kuna mtu wa kupokea simu. Koha, mfumo wa kuendesha maktaba unaotumiwa pia na maktaba za vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, ulizaliwa kwa njia hii. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand ziliipa kampuni moja kazi ya kuandika mfumo mpya, ukaanza kutumika mwanzoni mwa Januari 2000, kisha ukatolewa kwa leseni huria. Tangu hapo umekuzwa kwa sehemu kubwa na kampuni zinazouza huduma zake katika nchi mbalimbali. Maktaba inayotaka kipengele hulipa kiandikwe, na maktaba nyingine zote hukipata. Moodle nayo, jukwaa la masomo ambalo wanafunzi wengi wa Nairobi wanalifahamu, huungwa mkono na washirika walioidhinishwa, ambao hurudisha sehemu ya mapato yao ya huduma kwenye makao makuu ya mradi.

Tuziweke njia hizi mbili kando kando kwa hesabu ya mfano. Kikundi kinahitaji shilingi 720,000 kwa mwaka ili mtu mmoja autunze mradi kwa nusu ya muda wake. Ruzuku moja ndogo inaweza kuzileta zote kwa mara moja, na mwaka ukiisha zote zimeisha. Wateja wanne wanaolipa shilingi 15,000 kila mwezi huleta kiasi kilekile, na mmoja wao akijitoa zimepotea shilingi 180,000, zilizobaki zikiendelea kuingia. Ruzuku humwacha mtunzaji afanye kazi kwa utulivu. Mteja hupiga simu Jumamosi usiku malipo yanapokataa kuthibitishwa. Ruzuku haiulizi kama mwakani kuna mtu atakayeitumia programu. Mteja huuliza hilo kila mwezi anapolipa ankara, na swali hilo huufundisha mradi mambo ambayo hakuna fomu ya maombi inayoweza kuufundisha.

Mkataba una hatari zake pia. Violezo vingi vya mikataba mjini vina kifungu kinachosema kwamba kila kitakachoandikwa wakati wa kazi ni mali ya mteja. Kifungu hicho kikiachwa, mradi huria unaweza kujikuta una sehemu ambazo hauruhusiwi kuzisambaza. Lazima kibadilishwe kabla ya kutia sahihi, iandikwe kwamba marekebisho yote yatatolewa chini ya leseni ya mradi na kwamba mteja analipia huduma na uhakika, wala halipii umiliki. Kodi nayo ihesabiwe mapema, kwa kuwa kampuni inayomlipa mkazi wa Kenya ada ya kitaalamu huweza kumkata kodi ya zuio ya asilimia 5, na kiasi kinachoingia huenda kisifanane na kilichoandikwa kwenye ankara. Wateja wa serikali, hasa za kaunti, huchelewesha malipo kwa muda ambao kikundi kidogo hakiwezi kuuvumilia. Ningeanza na vyama vya akiba, shule za binafsi na kampuni za kati.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili ni huu. Kwa mradi ambao tayari una watumiaji wanaoutegemea katika biashara zao, mkataba wa huduma utangulie, na ruzuku itafutwe baadaye kwa kazi mahususi yenye mwisho, kama vile ukaguzi wa usalama au kuandika upya sehemu iliyochakaa. Mradi ambao watumiaji wake hawawezi kulipa kamwe, kwa mfano programu ya wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, hauna budi kuanza na ruzuku, ila uanze ukijua kwamba unahitaji mfadhili wa pili kabla wa kwanza hajaondoka.

Michango ya watumiaji

Michango ndiyo njia inayotajwa mara nyingi kuliko zote na ndiyo inayoleta fedha kidogo kuliko zote kwa miradi mingi. Babel, programu ambayo karibu kila mwandishi wa tovuti huitumia kwa kujua au kwa kutojua, ilitangaza Mei 2021 kwamba fedha za kuwalipa watunzaji wake zilikuwa zikielekea kwisha. Mradi uliofichika ndani ya miradi mingine hauonwi na mtu anayeweza kuuchangia, na maktaba ya malipo iliyojificha nyuma ya kitufe cha duka la mtandaoni iko katika hali hiyohiyo.

Anayetaka kujaribu ana majukwaa matatu makuu ya kulinganisha. GitHub Sponsors, iliyoanza mwaka 2019, haikati ada kwa michango inayotoka kwa watu binafsi, na humfaa mtunzaji anayejulikana kwa jina lake. Liberapay haikati ada yoyote na yenyewe huishi kwa michango, lakini watumiaji wake ni wachache zaidi. Open Collective humfaa yule anayetaka fedha ziwe za kikundi, kwa kuwa kila kinachoingia na kinachotoka huonekana hadharani, na taasisi mwenyeji huhifadhi fedha kwa niaba ya mradi ambao haujasajiliwa. Open Source Collective, mwenyeji anayepokea miradi mingi ya programu huria huko, hukata asilimia 10. Kwa kikundi kisicho na usajili wala mhasibu, naiona asilimia hiyo kuwa bei ya haki, maana uwazi wa hesabu huzuia ugomvi ambao fedha ndogo huweza kuuzua miongoni mwa marafiki. Mwenyeji naye achaguliwe kwa uangalifu: Open Collective Foundation, taasisi tofauti iliyokuwa mwenyeji wa vikundi vingi vya hisani, ilitangaza mapema mwaka 2024 kwamba inafunga, na vikundi vyake vikalazimika kutafuta makao mapya.

Njia ya fedha kufika Nairobi nayo ni sehemu ya ulinganisho, na wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa. Kabla ya kutangaza ukurasa wa michango, soma orodha ya nchi ambazo jukwaa hulipa na mitambo ya malipo linayotumia, kwa kuwa jukwaa linaweza kukuruhusu kufungua ukurasa na kukusanya fedha ambazo huwezi kuzitoa. PayPal imewezesha fedha kuhamishiwa M-Pesa tangu mwaka 2018, lakini ada ya uhamisho na kiwango cha kubadilishia dola hula sehemu, na mchango wa dola 5 unaweza kufika ukiwa umedhoofika sana. M-Pesa yenyewe ina mpaka wa shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na shilingi 500,000 za salio, mpaka usiosumbua michango midogo lakini unaoweza kusumbua ruzuku; kwa ruzuku, akaunti ya benki inayopokea dola au euro ni ya lazima.

Je, watumiaji wa hapa nyumbani hawawezi kuchanga? Wanaweza, na Kenya ina utamaduni wa harambee ulioota mizizi kuliko jukwaa lolote. Lakini tazama harambee huchangia nini: bili ya hospitali, mazishi, karo, arusi, paa la shule. Kila mojawapo ina tarehe, kiasi kinachohitajika na mtu anayejulikana. Utunzaji wa programu hauna hata kimoja katika hivyo, na ndiyo maana namba ya Paybill iliyowekwa chini ya ukurasa wa mradi hukaa kimya. Mchango wa hapa hufanikiwa unapofungwa kwenye jambo lenye mwisho. Blender, programu ya kuchora picha za pande tatu, iliwekwa huru kwa namna hiyo mwaka 2002: wawekezaji wa kampuni iliyoimiliki walikubali kuuachilia msimbo kwa euro 100,000, umma ukachangishwa, na fedha zikapatikana ndani ya wiki saba. Kikundi cha Nairobi kinaweza kutangaza kwamba toleo la zamani la kiolesura cha malipo litazimwa tarehe fulani, kwamba kuhamia toleo jipya kunahitaji kiasi fulani, na kwamba maduka yanayotegemea maktaba hiyo yachange kabla ya tarehe hiyo. Huo ni mchango wenye sababu ambayo mwenye duka anaielewa, ila utumike kwa nadra, kwa kuwa dharura inayojirudia kila robo mwaka haiaminiki.

Kuna wanaopendekeza njia ya leseni, yaani kutoa sehemu ya programu bure na kuuza nyingine, au kubadilisha leseni ili kampuni kubwa zilipe. Kampuni za programu HashiCorp na Redis zilibadilisha leseni zao, ya kwanza Agosti 2023 na ya pili Machi 2024. Mara zote mbili watumiaji waliokasirika walianzisha matawi huru, yaani nakala za msimbo wa awali zinazoendelezwa kivyake, OpenTofu na Valkey, na Redis yenyewe ikarudisha leseni huria mwaka 2025. Kampuni zenye mawakili zilipata tabu, na kikundi cha watu wanne ambacho kingelazimika kwanza kukusanya idhini ya kila mtu aliyewahi kuchangia msimbo hakina sababu ya kujiingiza huko.

Kuwatuza wachangiaji

Fedha zikishaingia, huanza swali ambalo naliona kuwa gumu kuliko la kwanza: nani alipwe, na kwa kipimo gani? Njia inayovutia haraka ni kuweka bei kwa kila kazi. Kila hitilafu inapewa kiasi, anayeitengeneza kwanza anachukua. Kwa kijana wa Nairobi anayetafuta kibarua kati ya kazi mbili, hii inaonekana kuwa haki tupu: hakuna usaili, hakuna kujuana, msimbo unajisemea. Lakini angalia inavyokuwa kwa mradi. Bei huvuta watu kwenye kazi yenye bei, na ukaguzi, ambao hauna bei, humwangukia mtunzaji yuleyule asiyelipwa. Watu watatu wanaweza kuifanya kazi moja kwa wakati mmoja na wawili wakatoka mikono mitupu baada ya kutumia vifurushi vyao vya data. Anayechukua malipo huondoka, na hitilafu zilizozaliwa na marekebisho yake hubaki.

Kinachotokea malipo yanapofungwa kwenye wingi kimeonekana mara kadhaa. Hacktoberfest, kampeni ya kampuni ya DigitalOcean iliyotoa fulana kwa aliyewasilisha idadi fulani ya mabadiliko, ilisababisha mafuriko ya mabadiliko yasiyo na maana mwaka 2020, mpaka sheria zikabadilishwa katikati ya kampeni ili miradi ishiriki kwa hiari tu. Mradi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, uliokuwa ukiwalipa wanaogundua mianya ya usalama, ulilemewa mwaka 2025 na ripoti zilizoandikwa na akili mnemba, zenye maneno mengi na zisizo na ukweli, ambazo kila moja ilimchukulia mtunzaji muda wa kuichunguza. Majukwaa ya malipo haya nayo si ya kutegemewa daima: Bountysource ilitangaza Juni 2020 kwamba itajichukulia zawadi zitakazokaa miaka miwili bila kudaiwa, ikarudi nyuma baada ya kelele za watumiaji. Malipo kwa kazi moja moja nayaona yanafaa mahali padogo tu, penye mwisho ulio wazi na ukaguzi rahisi, kwa mfano kutafsiri maelekezo kwa Kiswahili au kuandika mifano ya matumizi.

Njia nyingine ni posho ya zamu. Mtu mmoja huchaguliwa kwa mwezi au kwa robo mwaka, hulipwa kiasi kinachojulikana, na kazi yake ni utunzaji: kupanga ripoti, kukagua msimbo wa wengine, kutoa toleo, kujibu. Django Software Foundation, taasisi inayosimamia Django, programu huria ya kujengea tovuti, imekuwa na mpango wa namna hii tangu mwaka 2014, ambapo mtunzaji huajiriwa kwa ajili ya kazi hizo zisizo na sifa, na Django imeendelea kutoa matoleo yake kwa ratiba inayoaminika. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote, hata kama posho ni ndogo. Inalipia kazi ambayo hakuna mfadhili anayeipenda, inazunguka miongoni mwa wanakikundi ili mtu mmoja asichoke, na humwezesha mchangiaji wa pembeni apate jibu ndani ya siku chache. Jibu la haraka na la heshima ni tuzo ambayo wachangiaji wengi huithamini kabla hata ya fedha.

Posho ina hatari yake, na Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotunzwa na watu wa kujitolea, iliionja. Mwaka 2006 kundi lililoitwa Dunc-Tank lilichangisha fedha ili kuwalipa wasimamizi wawili wa matoleo waharakishe toleo la Etch lililotarajiwa Desemba mwaka huo. Baadhi ya waliojitolea waliona kwamba kazi yao imeshushwa thamani, wakapunguza juhudi, na toleo likatoka Aprili 2007. Nijuavyo mimi tabia za vikundi, uchungu wa namna hiyo hutokana na namna uamuzi wa kulipa unavyofikiwa zaidi kuliko malipo yenyewe: nani aliamua, kwa kipimo gani, na kama wengine waliulizwa. Kikundi cha Nairobi kijadili posho katika mkutano wa wote, kiandike kigezo, na kizungushe zamu.

Kwa wachangiaji wapya kuna mipango miwili mikubwa ya kulinganisha. Google Summer of Code, inayoendeshwa tangu mwaka 2005 na iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa wasio wanafunzi pia, hulipa kulingana na gharama za maisha za nchi ya mshiriki. Kwa mradi mkubwa wa saa 350 viwango vimekuwa kati ya dola 3,000 na dola 6,600. Outreachy hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu popote duniani mshiriki alipo, na huwalenga watu waliobaguliwa au wanaowakilishwa kwa uchache katika teknolojia ya nchi zao. Kwa kijana wa Nairobi anayestahili zote mbili, nakubaliana kabisa na msimamo wa Outreachy: msimbo ulioandikwa mtaani Umoja, Nairobi, hauna thamani ndogo kuliko ulioandikwa Berlin. Kwa upande wa mradi, tofauti ni kwamba Outreachy hutaka jumuiya itafute mdhamini wa mshiriki au iombe mfuko wa pamoja, ilhali Google hulipa yenyewe. Zote mbili hudai muda wa mlezi kila wiki, na kikundi ambacho hakijajaza zamu ya utunzaji kisiombe washiriki, kwa sababu mgeni atakayekaa wiki mbili bila jibu hatarudi.

Tuzo zisizo fedha zina nafasi yake. Jina lililoandikwa kwenye maelezo ya toleo, barua ya kumthibitisha mchangiaji kwa mwajiri, nauli ya kuhudhuria mkutano kama DjangoCon Africa uliofanyika Zanzibar mwaka 2023, haya yamewafungulia watu milango ya kazi. Nayakataa tu yanapotumiwa badala ya malipo kwa mtu ambaye kikundi kina uwezo wa kumlipa.

Namna ya kuanza

Kikundi chenye watumiaji wa kibiashara nakishauri kianze na wateja wawili wa huduma ya kila mwezi, mapato yaende kwanza kwenye posho ya zamu kabla ya kipengele chochote kipya, na ukurasa wa michango ufunguliwe kwa mwenyeji wa pamoja kwa ajili ya walio nje ya nchi. Ruzuku iombwe baada ya zamu hiyo kudumu mwaka mmoja, na kwa kazi moja inayoweza kuelezwa kwa aya mbili. Kikundi kisicho na watumiaji wanaoweza kulipa kianze na ruzuku ndogo inayopokea watu binafsi, na sehemu ya bajeti hiyo iandikwe waziwazi kuwa ni ya utunzaji. Mfadhili akikataa, heri kujua mapema.

Usajili usitangulizwe. Kampuni ya kawaida inatosha kwa mikataba, na shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, lina maana pale tu ruzuku kubwa zinapoonekana karibu. Kinachopaswa kutangulia ni ukurasa mmoja wa makubaliano: akaunti iidhinishwe na watu wawili, hesabu za kila mwezi ziwekwe mahali penye msimbo ambapo kila mchangiaji anaweza kuzisoma, kiwango cha posho kijulikane kabla ya zamu kuanza, na mtu anayelipwa mwezi huo asiwe mmoja wa wawili wanaoidhinisha malipo ya mwezi huo.